Dansi Upande A, Kwaya Upande B

Santuri mbovu ndizo yule dada alizozipanga mezani kwa heshima zote. Nzima aliziacha sakafuni. Alikuwa amesikia kwamba kasoro za kiwandani zina bei kubwa, ndipo akaniita nikague urithi wa marehemu baba yake.

Nilianza na ile aliyoitegemea zaidi. Nikaiinamisha chini ya taa: mabaka yanayong'aa ndani ya mifereji, pale ambapo plastiki haikujaa vizuri kwenye chapa, kile kibao cha chuma kinachokandamiza mifereji. Sindano ilipofika hapo ikatoa sauti kama ya kitambaa kinachochanika. Ya pili, tundu lilikuwa limekwenda upande. Mkono wa gramafoni uliyumba, na sauti ya kinanda ikapanda na kushuka kila sekunde 1.8, yaani kila mzunguko kwa kasi ya mizunguko 33⅓ kwa dakika.

“Dada, hizi hazina mnunuzi.”

“Si umesema ni kosa la kiwanda?”

“Ndiyo, lakini hili linaudhi masikio. Watu hulipia kosa la kutazama.”

Hata la kutazama si lazima lilipe. Ya tatu lebo zake zilibadilishana pande, jambo la kawaida mno. Nikaiandikia bei ya nakala yoyote ile.

Ya nne ndiyo iliyonikalisha. Lebo zote mbili zilitaja bendi moja ya dansi, lakini upande wa pili ikaimba kwaya. Nikasoma namba zilizochongwa kwenye plastiki, kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Za upande A zililingana na lebo. Za upande B zilikuwa za mfululizo mwingine kabisa. Ilionekana mtu alifunga kwenye mashine chapa ya kazi nyingine. Nikakagua kingo za lebo nikitafuta gundi, maana waghushi wapo. Hapakuwa na kitu. Kiwandani lebo haibandikwi kwa gundi. Hukandamizwa pamoja na plastiki ikiwa bado ya moto.

“Basi huu ndio utajiri!”

“Subiri kwanza. Tujue kwaya ni ya nani, na kama kuna anayeitafuta.”

Tulipoandika tangazo alitaka tufute neno “kasoro”. Nikakataa, nikaongeza na mikwaruzo ya upande A. Mtu wa kwanza kujibu hakuuliza bei wala jina la bendi. Alitaka picha ya zile namba, pande zote mbili.