Siku moja maishani mwangu: Mwalimu anachagua mashua Kibirizi

Saa 11 alfajiri. Natoka nje ya nyumba yangu Ujiji, shuka begani, nasikiliza upepo. Alfajiri ya Julai unatoka nchi kavu, unashuka taratibu kutoka vilimani na kwenda zake Ziwa Tanganyika. Mchana utakuwa mwingine: upepo wa kusi utaamka na mawimbi mafupi yaliyosimama wima, yale yanayompiga mtu usoni kabla hajafuta la kwanza. Huo ndio ninaouhitaji. Leo mteja anakuja kuchagua mashua, na mimi simruhusu mtu achague chombo kwenye maji ya asubuhi.

Saa 1:30. Kibirizi kumechangamka. Mitumbwi ya dagaa imerudi na taa zake, wapagazi wanapakia boti za vijiji vya kaskazini, na karibu kila chombo kinanguruma mashine. Mwalimu namkuta ameketi juu ya gogo na mwanawe wa kiume. Ni mstaafu wa Tabora, wameshuka kwenye treni jana.

“Mwakeye, Mwalimu.”

“Mwakeye, Fundi. Macho mawili ninayo, la tatu nimekuja kuazima kwako.”

Nia yake ni kwenda Mahale kwa tanga, kulala ndani ya chombo, na Mungu akijalia kuendelea hadi Kipili. Namuuliza mtakuwa wangapi. Wawili tu, yeye na kijana. Jibu hilo naliweka moyoni, maana ndilo litakaloamua mengi.

Vyombo vinavyouzwa ni viwili, vyote vya mita sita hivi kwenye mstari wa maji. Cha kwanza ni cha faiba, cheupe, kipana, kina kijumba chenye magodoro. Mwalimu kakipenda kabla hajakigusa. Natoa sarafu ya shilingi mia mbili, nagonga ubavuni kidogo kidogo kutoka omo, mbele, kwenda tezi, nyuma. Ta, ta, ta, sauti kavu. Karibu na mkuku, ule uti wa chini ya chombo, inabadilika: du, du, kama unagonga mlango uliolowa. Pale tabaka za faiba zimeachana na maji yameingia katikati. Nampa kijana sarafu agonge mwenyewe, naye anasimama palepale niliposimama.

Cha pili ni mashua ya mbao, taruma, yaani mbavu zake, za mninga, imeundwa hapahapa Ujiji. Watu wa pwani wakifika huku huniuliza kuhusu funza wa baharini wanaotoboa mbao. Ziwani hawapo, maji yake hayana chumvi. Lakini chumvi nayo huhifadhi mbao, na sisi hatuna, kwa hiyo adui wetu ni kuoza, na kuoza kunaanzia juu, pale maji ya mvua yanapotuama. Sitazami rangi. Naingia ndani, nalala kifudifudi, nachomeka ncha ya kisu kila pembe. Mbao nzima inakirudisha kisu. Chini ya mlingoti, kwenye kiti chake, kisu kinaingia kama kwenye muhogo uliochemka, hadi nusu ya kidole. Nakichomoa, nanusa: harufu ya uyoga. Namwita Mwalimu aje anuse. Sifichi kasoro ya chombo cha mbao kwa sababu tu mimi ni fundi wa mbao.

Saa 5. Chai na chapati, tunangoja upepo. Kijana anauliza vitakimbia kiasi gani. Namwambia vyote viwili mwisho wake ni kama maili sita za baharini kwa saa, kwa sababu chombo cha namna hii hunaswa katikati ya wimbi kinalolifanya chenyewe, na urefu wa kwenye maji ndio unaolipima wimbi hilo. Mahale ipo kusini, zaidi ya kilomita 100, na Julai upepo unatokea hukohuko. Utabisha, yaani utakwenda mshazari huku na huku, njia irefuke kwa karibu nusu yake. Kwa hiyo uliza chombo kinavyokwenda joshi, yaani kuuelekea upepo. Mbio za kufuata upepo haziwafikishi Mahale.

Mwalimu anatetea wepesi wa faiba. Namsimulia mashindano ya Fastnet ya Agosti 1979: mashua 303 zilianza, dhoruba ikazikuta kati ya Uingereza na Ireland, mabaharia 15 wa mashindano wakafa. Waliochunguza waliona kwamba baadhi ya vyombo vipana na vyepesi, vikishapinduka, vilitulia vile vile, mkuku juu. Kisha namsimulia Suhaili, mashua ya mbao nzito ya mita kumi kasoro, iliyoundwa Mumbai. Robin Knox-Johnston aliondoka nayo Falmouth Juni 1968, akazunguka dunia peke yake bila kutia nanga bandarini, akarudi Aprili 1969. Yalikuwa mashindano ya kuzunguka dunia, Golden Globe; walioyaingia walikuwa tisa, na aliyemaliza ni yeye tu. Hadithi hii naipenda mno, naisimulia kila ninapopata wa kunisikiliza.

Saa 8 mchana. Upepo umekuja. Tunavaa jaketi okozi, tunaanza na faiba. Kufuata upepo kuelekea kaskazini inateleza, Mwalimu anacheka kama mtoto. Mwaka 2011 nami nilicheka hivyo. Nilinunua chombo kwa kukijaribu kufuata upepo tu, nikafika karibu na Gombe bila jasho, kisha nikashindwa kurudi. Nililala ufukweni siku mbili, sina chakula, nikingoja kusi ichoke. Tangu hapo simuuzii mtu chombo kabla hakijarudi chenyewe.

“Sasa turudi,” namwambia.

Namwonyesha mwembe ufukweni na paa la bati nyuma yake, vimepangana. Tunabisha mara moja, mbili, tatu, nne. Povu linaruka, tanga limejaa, chombo kinaonekana kinakwenda. Mwalimu anageuka kutazama: mwembe na paa bado vimepangana. Mkuku mfupi hauyashiki maji, kila tulichopata mbele tumekipoteza ubavuni. Kicheko kimekwisha. Anashika kana, mkono wa usukani, kwa mikono miwili, haongei.

Mashua ya mbao tunaitoa taratibu, farumi ya mawe, uzito wa kuituliza, imepangwa ndani ya ngama, chini kabisa, na mlingoti nimeufunga kabari kwa ajili ya jaribio tu. Inalala kidogo, inachimba, mkuku wake mrefu unauma maji. Baada ya kubisha mara nne, paa limehamia kulia kwa mwembe, hatua thelathini hivi, na linaendelea kuhama. Kuna shida nyingine lakini: kila tunapogeuka, foromali, boriti ndefu inayobeba tanga, inabidi izungushwe mbele ya mlingoti, na leo tuko watatu pamoja na mimi. Wakiwa wawili, usiku, mmoja ameshika kana, haitawezekana. Hapohapo namwambia: bodi hili, tanga lingine. Tanga la pembe tatu lenye boriti chini, na dogo la omo, vinavyogeuka vyenyewe.

Saa 11 jioni. Bei imekubaliwa, kiti cha mlingoti kimekatwa kwenye bei. Namkumbusha pia anunue kamba ndefu ya nanga. Kingo za ziwa hili zinazama ghafla, kina chake kikubwa ni kama mita 1,470, na kamba yapasa iwe walau mara tano ya kina unapotia nanga.

Saa 1 usiku. Tumekula migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo. Mwalimu amekwenda kupumzika. Kijana wake amebaki, kaniomba amalize kazi nami. Nimewasha taa, nimemwekea kipande cha mninga mapajani, nimemwonyesha tezo inavyoshikwa. Anachonga kiti kipya cha mlingoti, polepole, na kila baada ya muda anakigonga kwa sarafu yangu na kusikiliza.