Kisanduku cha Miche

Fomu ilikuwa na kurasa 14, na ukurasa wa sita ndio ulionikosesha usingizi. Katikati yake palikuwa na kisanduku kimoja kimeandikwa: "Idadi ya miche itakayopandwa."

Tulikuwa kikundi cha watu 19, wengi wavuvi na wafuga nyuki. Tulikuwa tunaomba fedha za serikali, za mfuko wa kuhifadhi maliasili, ili turudishe msitu wa mikoko uliokufa nyuma ya tuta la barabara. Andiko la mradi nilipewa mimi niliandike, kwa kuwa nilikuwa mweka hazina na hesabu zote zilipita mkononi mwangu.

Msitu ule haukuuawa na shoka. Tuta lilipojengwa, chini yake liliwekwa bomba moja tu la kupitisha maji ya hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, nalo likawekwa juu mno kuliko sakafu ya mkondo. Baada ya misimu michache tope likaliziba. Tangu hapo bahari ikawa inaingia kwa taabu siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, na maji yaliyoingia hayakupata pa kutokea. Jua likayakausha, chumvi ikabaki. Maji ya bahari ya kawaida yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Kipimo tulichoazima, tulipokitumbukiza kwenye dimbwi la nyuma ya tuta, kilisoma 80 na ushei. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, huvumilia chumvi kuliko jamaa zake karibu wote, lakini hata michu ilikuwa imesimama mikavu, na mizizi yake ya kupumulia imechomoza topeni safu kwa safu, mieupe kwa chumvi.

Rafiki aliyewahi kupata fedha za mfuko huo alinishauri niandike miche 20,000. Alisema wanaopitisha maombi huangalia namba kwanza. Nikaandika 20,000. Nikapiga hesabu ya vitalu, vibarua na usafiri, na bajeti ikakaa vizuri kabisa.

Siku iliyofuata nilikwenda kupima eneo pamoja na mama mmoja mtu mzima wa kikundi chetu, aliyeokota kaa katika hori lile tangu utotoni. Tulipofika katikati ya uwanda ule mweupe, aliinama akang'oa kijiti. Kulikuwa na vijiti vingi, vimepangwa mistari iliyonyooka kama shamba. Miaka kadhaa nyuma watu walikuja kwa kampeni, wakachomeka mbegu za mkoko, wakapiga picha, wakaondoka. Hakuna hata mmoja uliotoa jani la tatu. Kile kijiti kilivunjika mkononi mwake na kuacha unga wa chumvi kwenye vidole.

"Mwanangu," aliniambia, "mbegu hazijatupungukia. Ng'ambo ya barabara zinaelea kila bamvua. Mlango ndio uliofungwa."

Jioni ile nilifuta 20,000, nikaandika 0.

Kazi ikaanza upya. Kusema ukweli kwenye fomu ambayo haikuuachia ukweli huo nafasi kunataka ushahidi mwingi kuliko kuandika namba kubwa. Tulichonga vijiti viwili vyenye alama kila sentimita tano, tukavisimika pande mbili za tuta, na kwa mwezi mzima mtu wa zamu alisoma maji yanapojaa na yanapokupwa, siku za bamvua na siku za maji mafu, ambapo maji hupanda na kushuka kidogo tu. Tulipiga picha mahali pamoja kila wiki. Kibali cha kugusa tuta kilituchukua muda mrefu kuliko mambo mengine yote, maana barabara ina wenyewe na hori lina wenyewe, na kila ofisi ilitaka kwanza kuona barua ya mwenzake.

Halafu kulikuwa na mchango wa mwombaji. Mfuko ulitoa asilimia 70, sisi tulitakiwa tuonyeshe 30. Fedha taslimu hatukuwa nazo, ila sheria zao ziliruhusu nguvu kazi ihesabiwe. Basi nikafungua daftari: jina, tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, sahihi au dole gumba. Nawaomba wanaoandika maandiko ya miradi wasilidharau daftari hilo. Vikundi vingi hufanya kazi ya kweli kwa mikono yao, kisha hukosa fedha kwa sababu hakuna aliyeandika siku wala saa.

Kwenye kiambatisho nilieleza pia yaliyotokea Sri Lanka baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004. Mikoko mingi ilipandwa kwa nia njema, na sehemu kubwa ilikufa, mara nyingi kwa sababu iliwekwa mahali ambapo maji na udongo havikuifaa.

Jibu lilikuja katika barua ya aya moja: ombi halikukidhi vigezo, kwa kuwa halikuwa na shughuli ya upandaji. Iliniuma sana. Katibu wetu ndiye aliyeona mstari wa mwisho, kwamba tunaweza kukata rufaa ndani ya siku 14. Hatukubishana nao kwa maneno. Tuliomba jambo moja tu, mkaguzi aje aone. Walipotupa tarehe nikaitazama kwenye jedwali la maji, nikakuta imeangukia maji mafu, siku ambayo pande zote mbili zingekuwa kavu na asingeona kitu. Niliwaandikia kuomba wasogeze mbele kwa siku sita. Wakakubali.

Alikuja na viatu vya mpira, asubuhi, maji yamejaa. Tukasimama juu ya tuta. Kulia, bahari ilikuwa imefika kiunoni mwa mikoko hai. Kushoto, uwanda mkavu. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akashuka hadi mdomo wa bomba, na pale, zikisukumwa na wimbi dogo, mbegu za mkoko zilikuwa zimerundikana, ndefu, za kijani, ncha zao zikigonga tope lililoziba. Aliokota moja, akaigeuza, akairudisha majini. Ndipo akatoa daftari lake.

Walitupa awamu ya kwanza tu: kuzibua mkondo na kuweka mabomba mawili mapana, yakae chini inavyotakiwa. Mizinga ya nyuki tuliyoiombea pia waliiondoa kwenye bajeti.

Miezi 18 baadaye ilinibidi nijaze ripoti, na kisanduku kilikuwa kile kile. Bado naamini fomu inayouliza miche pekee huwafundisha watu kupanda ili wahesabiwe, na niliwaandikia hivyo hivyo. Miche iliyopandwa: 0. Chini yake, kwenye maelezo mengine, niliandika tulichohesabu katika kipande cha mita 10 kwa 10: mikoko ya aina tatu, mchu 41, mkandaa 7 na mkoko wenyewe 3, yote imejiotea.

Yule mama alitaka kuiona ripoti kabla haijatumwa. Nilimsomea, kidole chake kikifuata mstari.

"Umesahau mkomafi," akasema. "Upo mmoja, karibu na kamba ya kupimia, umejificha nyuma ya mchu."

Tukarudi topeni kuangalia. Ulikuwepo, una majani manne.