Waya wa gitaa na waya wa spika ni vitu viwili

Jana mazoezini kijana wetu wa gitaa la rizimu alichomeka waya mpya, mnene, mzuri wa macho. Ampu (kikuza sauti) ikaanza kuvuma mmmm kabla hajagusa uzi hata mmoja. Nikafungua jeki, ile ncha ya kuchomeka: nyaya mbili nene zinazolingana, wavu wa shaba hakuna. Kumbe waya wa spika! Kwa nje huwezi kujua, maana zote hutumia jeki ileile ya milimita 6.35.

Umeme unaotoka kwenye pikapu (kinasa mtetemo kilicho chini ya nyuzi za gitaa) ni mdogo mno, ndiyo maana waya wa gitaa una njia nyembamba katikati, na wavu umeizunguka kuzuia kelele za taa na transfoma. Kukosea kinyume chake, waya wa gitaa mahali pa waya wa spika, ndiko kubaya zaidi. Ukiunga kichwa cha ampu (ampu isiyo na spika ndani) na kabineti ya spika kwa waya wa gitaa, ile njia nyembamba inapata moto, na kama ampu ni ya valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti) unaweza kuunguza transfoma yake. Fundi atafurahi.

Urefu nao una maneno yake. Mimi sivuki mita 6 hivi. Waya mrefu sana bila bafa (kifaa kidogo kinachoipa nguvu sauti ya gitaa isafiri mbali) hufifisha sauti za juu, gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi. Kwa sisi wa sebene, hapo utamu umekwisha.

Jeki za dhahabu sijawahi kuzisikia tofauti yake. Natazama kama jeki inafunguka, ikikatika nilehemu mwenyewe.