Vitabu vya kiada vya kemia: ninachotazama kabla ya kupendekeza

Nimepewa jukumu la kupendekeza vitabu kwa wanafunzi wa kemia wa mwaka wa kwanza, na nimeona kwamba unene wa kitabu hausaidii sana kuamua. Sura ninayoifungua kwanza ni ile ya themodinamiki (elimu ya joto, kazi na nishati), kwa sababu vitabu vingi huandika badiliko la nishati ya ndani kuwa joto kujumlisha kazi, ilhali vingine, hasa vya uhandisi, huandika joto kutoa kazi. Kanuni zote mbili ni sahihi, kwani zinatofautiana tu katika kueleza kazi inafanywa na nani, lakini mwanafunzi anayesoma moja kitabuni na kusikia nyingine darasani atachanganya hasi na chanya mtihani mzima.

Kisha naangalia moli, yaani kipimo cha kuhesabia chembe za dutu. Tangu tarehe 20 Mei 2019, moli moja ni chembe 6.02214076 × 10²³ kamili, wala haifafanuliwi tena kwa gramu 12 za kaboni-12. Toleo la zamani silitupi kwa sababu hiyo pekee, maana maelezo mafupi ya mwalimu yanatosha, na matoleo mapya (jambo hili huniudhi) wakati mwingine hubadilisha mpangilio wa maswali tu.

Kwa kemia ogania (kemia ya misombo ya kaboni) nimechagua kitabu ambacho kila mshale uliopinda, unaoonyesha elektroni zinakohamia, huanzia kwenye jozi ya elektroni au kwenye bondi, na ambacho majibu yake huonyesha hatua zote.