Wa nyuma ya duka la rangi

Tangu Jumanne nina jambo dogo moyoni, halitaki kutulia. Kaka kapata kibali chake cha ukaazi huku Mexico, tumekwenda mji wa Tulum tukarudi, mvua imefurika hadi kizingitini. Hayo nitayasimulia. Leo naandika habari za mama wa tortilla, ile mikate myembamba ya mahindi.

Mnajua wifi hunituma mchana na kile kitambaa chake cha kufungia. Tortilla huuzwa kwa kilo, zikiwa za moto. Mahindi huchemshwa kwa chokaa, husagwa, halafu mashine hukata vile viduara na kuvipitisha motoni juu ya mkanda wa chuma. Foleni hufika barabarani. Basi Jumanne mwanamke aliyesimama nyuma yangu akamuuliza muuzaji, kana kwamba mimi sipo: "Na huyu katoka wapi?"

Jibu nilikuwa nalo tayari, lile la Tanga, Tanzania, Afrika, ninalolitoa kila ninapokwenda. Muuzaji hakuinua macho kwenye mizani.

"Wa hapa. Anakaa nyuma ya duka la rangi."

Akanipa tortilla moja yenye chumvi, kama wanavyowapa watoto wanaongoja, akaendelea kupima.

Nimelala nayo, nimeamka nayo. Aliulizwa nilikotoka, akajibu ninakokaa! Na alijibu upesi, bila kutafuta neno, na yule mwanamke akaridhika, akaanza kuzungumzia bei ya nyanya. Nimeishi miji ambayo niliulizwa swali hilo miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kunijibia hivyo.

Playa del Carmen, mji huu tunaokaa, ilikuwa kijiji cha wavuvi chenye gati ya boti za kisiwa cha Cozumel. Sensa ya 2010 ilikuta karibu watu 150,000. Ya 2020, zaidi ya 300,000. Huku Colosio, mtaa wetu wenye jina la mgombea urais aliyeuawa Tijuana mwaka 1994, wakazi wa mwanzo walijikatia viwanja wenyewe. Jirani wa kushoto katoka jimbo la Tabasco, wa kulia la Veracruz, na alfajiri wote wako kwenye basi dogo kwenda kutandika vitanda vya hoteli. Nikajiambia, ndiyo maana. Mji wa wageni haumshangai mgeni.

Alhamisi nikamuuliza na mimi: "Na wewe, mama, wa hapa?"

"Mimi? Mimi wa Ocosingo." Ni jimbo la Chiapas huko, milimani. Watoto wake wote wamezaliwa Playa. "Nikifa, wanirudishe kwetu."

Furaha yangu ilipoa njiani, kabla ya tortilla. Kanipa mimi, mpita njia, kitu ambacho yeye mwenyewe hajajipa kwa miaka yote hii. Na usiku wifi akasema duka la rangi limeuzwa, litavunjwa, zijengwe nyumba za ghorofa za kupangisha watalii kwa dola. Sijui nikamwambie mama wa tortilla au atakuwa ameshasikia. Anakodi, na ukuta wake na wa duka hilo ni mmoja.

Halafu mama yangu mzazi. Katika ujumbe wake wa sauti wa jana amekohoa mara mbili katikati ya salamu. Dada anasema ni vumbi la kufagia uwanja. Lakini hata kabla ya mwezi kuandama alikuwa akikohoa, na wodini kwangu kikohozi kikipita wiki mbili tunapima makohozi, hatubishani. Nimemwandikia dada ampeleke Jumatatu. Anataka tungoje nirudi. Mimi sitaki tungoje.