Pete ya Beringi ya Nyuma: Usikubali Irudishwe ya Zamani

Fundi akikwambia pete ya zamani bado nzima na ataipachika tena, mshukuru, lipa alichofanya mpaka hapo, uondoke na gari lako. Nasema hivi kwa wenye Suzuki za zamani kama yangu, SJ413 ya injini ya 1.3, hii tunayoiita Sierra. Ekseli ya nyuma ya gari hili, shafti yenyewe ndiyo inayobeba uzito na ndiyo inayozungusha tairi. Beringi imekazwa juu ya shafti, na nyuma ya beringi kuna pete ya chuma iliyosukumwa kwa nguvu za presi. Hakuna nati, hakuna pini, hakuna klipu. Pete ikiteleza, shafti inatoka nje ya bomba la ekseli ikiwa na dramu na tairi lake, nawe unalitazama tairi lako likikupita barabarani.

Mimi ni fundi wa friji hapa Mombasa, si wa magari. Wateja wangu wengi ni wenye friza za samaki huko Gazi, Msambweni na Shimoni, kwa hiyo Sierra inakwenda Pwani ya Kusini na mitungi ya gesi na kompresa nyuma, na njia za kuingia kwa wateja wenyewe ni mawe na mchanga. Gari dogo, mzigo mzito. Beringi za nyuma zina haki ya kuchoka.

Mlio niliusikia kwanza Dongo Kundu. Mjini husikii kitu. Kutoka Makupa mpaka Changamwe malori na tuktuk hufunika kila sauti, na kwenye foleni ya feri gari limezimwa. Lakini barabara ya Dongo Kundu ni pana na laini, na ukifika kilomita 70 kwa saa mvumo unaanza chini ya kiti cha nyuma, ukiongeza mwendo nao unapanda. Kila niliyempakia alikuwa na jibu lake. Mmoja difu (zile gia za katikati ya ekseli), mwengine matairi, mwengine giaboksi. Jirani yangu akanishauri nipige grisi. Grisi nipige wapi? Ekseli hii haina chuchu ya grisi huko nyuma.

Beringi haijali gia. Kanyaga klachi, achia mafuta, acha gari litambae lenyewe. Mvumo ukibaki vilevile na ukafuata mwendo wa tairi tu, injini na giaboksi hazina makosa. Difu ina tabia yake, mara nyingi hulia ukiivuta na hubadilisha sauti ukiachia mafuta. Mvumo wangu haukubadilika kwa mafuta, ulibadilika kwa kona. Nikikata kushoto, uzito unalalia kulia, mvumo unakaza. Nikikata kulia, unalegea. Hapo nikajua ni upande wa kulia, ingawa sikutaka kuamini masikio peke yake, kwa sababu sauti ndani ya boksi la bati kama Sierra huzunguka na kutokea pasipo pake.

Kwa hiyo nyumbani Tudor nililiweka sawasawa: mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele, gari juu ya stendi za chuma (jeki peke yake usiiamini, hata kwa dakika moja), gia nyutro, breki ya mkono imeachiwa. Ukizungusha tairi kwa mkono mmoja, weka kiganja cha mkono wa pili juu ya springi, karibu na ekseli. Springi haidanganyi. Upande wa kushoto ulipita kimya. Upande wa kulia vidole vilihisi mkwaruzo mdogo mdogo, kama mchanga uliobaki kwenye mchele, na nilipolishika tairi juu na chini nikalitikisa, likacheza. Ndani ya rimu kulikuwa na utelezi mweusi. Nilinusa. Mafuta ya breki hayana harufu ile. Oili ya difu ina salfa, ukishainusa mara moja huisahau. Beringi ikicheza, shafti inayumba, na sili ya mpira haiwezi kuzuia oili kwenye chuma kinachoyumba.

Hapa watu wengi hununua sili peke yake, kwa kuwa ni rahisi na inaonekana ndiyo inayovuja. Wiki chache baadaye oili iko kwenye breki tena.

Kufungua kwenyewe si kazi ya ajabu. Oili ya difu mwaga yote kwanza. Dramu ikikataa kutoka, ina matundu mawili yenye nyuzi. Tia bolti mbili za milimita 8, zikaze kidogo kidogo kwa zamu, itasukumika yenyewe. Vumbi la breki usilipulize kwa hewa wala kwa mdomo, maana breki za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Lioshe likiwa majimaji. Fungua bomba la mafuta ya breki, kisha nati nne zinazoshika ile sahani inayobeba breki. Shafti hutoka nzima pamoja na sahani, beringi na pete. Yangu ilikuwa imeshikwa na kutu, nikaazima kile chuma chenye uzito unaoteleza kwenye fimbo. Unafunga mwisho mmoja kwenye flenji, ule uso wa shafti unaofungiwa tairi, unauvuta uzito kwako kwa nguvu. Kuna wanaogeuza dramu na kuipiga nyundo kwa nyuma. Dramu ni chuma cha kalibu, hupasuka.

Nikaichukua shafti mpaka Majengo, kwa mzee mmoja mwenye presi ambaye sote twamwita ami. Ami ana mikono ya dhahabu, nasema bila kusita. Akaitazama pete, akaigonga kwa kucha.

"Hii naitoa kwa pula, nairudisha. Nzima hii."

"Ami, niwie radhi, pete mpya ninayo mfukoni. Hii tuikate."

"Mwaogopa nini nyinyi vijana? Nimezirudisha hizi toka hujazaliwa."

"Najua, ami. Lakini mimi ndiye ntakayelala njiani Ramisi usiku."

Akacheka, akaniambia gari lako, roho yako, akawasha grainda.

Sababu yangu ni hii. Pete inashika kwa sababu tundu lake ni dogo kidogo kuliko shafti. Ilipowekwa mara ya kwanza ilitanuka na kuibana shafti kwa nguvu zake zote. Ukiivuta kwa pula, unaikwaruza ndani, na ule ubano wa mwanzo unapungua. Itaingia tena, ndiyo. Itaingia kwa ulaini, na ulaini huo ndio wa kuogopa. La pili, kwenye Sierra mdomo wa sili unakaa juu ya pete hiyohiyo. Miaka yote hiyo sili imechimba mfereji mwembamba kwenye pete. Ukiirudisha, umeweka sili mpya juu ya njia ya kuvujia.

Namna ya kuikata nayo ina adabu yake. Unasaga pete sehemu mbili mpaka ibaki nyembamba, halafu unaacha grainda. Chuma kilichobaki unakipasua kwa tindo. Ukitaka kumaliza yote kwa grainda, utaiandika shafti, na shafti yenye jeraha pale inapobeba uzito ndipo itakapokatikia siku moja. Ami alisaga taratibu, akisimama kila mara kupitisha kidole. Pigo moja la tindo, pete ikasema "ta!" ikafunguka. Chini yake shafti iling'aa, haina hata mkwaruzo. Mzee yule namsifu hata kama hatukubaliani.

Beringi mpya niliinunua mjini, na hapo nina maneno. Chukua ile ya zamani mkononi, usiende na jina la gari tu. Beringi za kawaida za mipira huandikwa namba, na ikianza na 62 au 63, tarakimu mbili za mwisho ukizidisha kwa 5 unapata tundu la ndani kwa milimita: 07 ni milimita 35, 08 ni milimita 40. (Kuanzia 04 kwenda juu; chini ya hapo hesabu ni nyingine.) Herufi zinazofuata pia zina maana. C3 ni kwamba nafasi ya ndani ni kubwa kidogo kuliko ya kawaida. 2RS kwa kampuni ya SKF, DDU kwa NSK, LLU kwa NTN, zote ni kusema ina mpira pande mbili. Usiruhusu muuzaji akwambie "ni ileile tu". Duka la kwanza nililoingia walinitolea boksi lenye jina kubwa la Kijapani, lakini maandishi juu ya chuma yalikuwa yamefifia kama ya muhuri wa mpira na bei ilikuwa ya chini mno. Nikaizungusha sikioni, ikanong'ona. Beringi mpya hainong'oni. Nikairudisha juu ya kaunta, nikatoka. Duka la pili ilikuwa ghali zaidi na pete inauzwa peke yake. Hilo la pete uulize mapema, wengi hawaiweki kabisa.

Sasa sehemu niliyoifurahia, kwa kuwa inaingia kwenye kazi yangu. Watu hupenda kupasha beringi moto ipanuke. Tochi ya kuchomelea kopa ninayo, na ningeweza kuimaliza beringi kwa nusu dakika: chuma cha beringi kikipita nyuzi 120 za Selsiasi hivi kinaanza hatari ya kupoteza ugumu wake, na mpira na grisi iliyomo ndani huharibika kabla ya hapo. Tochi haina kipimo. Friza inacho. Uani kwangu kulikuwa na friza ya kulala ya mteja wa Gazi, imekwisha kutengenezwa, inangoja mwenyewe. Baada ya kuisafisha shafti nikailaza humo usiku kucha, imefungwa vizuri kwenye plastiki. Hesabu yake: chuma hupungua kiasi cha sehemu 12 kwa milioni za urefu wake kwa kila nyuzi moja ya baridi. Shafti ya milimita 35 ikitoka nyuzi 30 za Mombasa ikafika 20 chini ya sifuri, inapungua milimita 0.02. Unaweza kuidharau, lakini pete na beringi zinaishi katika vipimo hivyohivyo. Haitaingia kwa mkono, presi bado inatakiwa, ila inaingia bila kulia.

Tatizo ni hewa yetu. Shafti ya baridi ikitoka tu, maji yanaishika pale pale, na kwa unyevu na chumvi ya hapa kutu haingoji. Kwa hiyo nilikwenda nayo Majengo ndani ya boksi la barafu la samaki, ami akiwa keshaandaa presi, tukaipangusa na kuipaka oili nyembamba hapohapo.

Mpango ni huu: sahani ya breki kwanza, beringi, halafu pete. Ukisahau sahani, pete mpya itakatwa na grainda siku ileile iliyonunuliwa. Beringi isukumwe kwa bomba linalogusa duara la ndani tu. Ukisukuma duara la nje, nguvu zote zinapita kwenye mipira na umeiua kabla haijafanya kazi. Na beringi na pete zisukumwe moja moja, sio zote kwa mkupuo, maana ukisukuma pamoja hutajua ipi imefika mwisho na ipi imekwama. Nilitazama mshale wa kipimo cha nguvu cha presi wakati pete ikiingia. Ulipanda na ukaendelea kupanda mpaka mwisho. Ungebaki chini, ningeiomba pete nyingine.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Sili mpya ndani ya bomba la ekseli, mdomo umepakwa oili. Breki shuu mpya pande zote mbili, kwa kuwa zilizolowa oili hazioshwi zikapona. Hukamata upande mmoja na gari linavuta. Silikoni nyembamba baina ya sahani na ekseli. Toa hewa kwenye breki. Oili ya difu 80W-90 ya GL-5 mpaka itiririke kwenye tundu la kujazia.

Kabla hujateremsha gari, angalia kipumulio juu ya ekseli. Changu kilikuwa kimezibwa na udongo mwekundu wa Kwale, mgumu kama saruji. Ekseli ikipata moto, hewa ya ndani inataka kutoka, na ikikosa kipumulio inatokea kwenye sili pamoja na oili. Ukiingia kwenye maji ikiwa moto, hewa inasinyaa kwa ghafla na inavuta maji ndani kupitia sili hizohizo. Mvua za masika zikijaza barabara za mjini hiyo si hadithi, na wanaopenda kupiga picha na magari yao ufukweni maji yakitoka wana chumvi juu yake. Nimeunga mpira wa petroli kwenye kipumulio, nikaupandisha mpaka nyuma ya taa ya kulia.

Upande wa kushoto bado uko kimya. Nimeshanunua beringi, sili na pete yake, vimo kwenye droo, na ami ameniambia siku nikija nayo ataiwasha grainda bila kuuliza.