Giant na X-Bow deki moja: ipunguzeni uzito kwanza

Wazee wa maskani Mombasa, mnaoicheka deki (fungu la kadi nane) ya Giant na X-Bow kwenye Clash Royale, mchezo wa simu wa vita vya kadi, hesabu ndiyo hii. Kila kadi hulipiwa kwa eliksa, nguvu inayojijaza yenyewe: Giant 5, X-Bow 6, jumla 11, na eliksa haivuki 10. Hazishuki pamoja. Eliksa ikijaa tanguliza Giant, ngoja kama sekunde 2.8 ipatikane ya sita, ndipo X-Bow. Kosa ni kurundika Wizard na Valkyrie: wastani wa bei ya kadi hufika 4.1, ukishambuliwa huna kitu. Watoe, tia Skeletons na Ice Spirit, ushuke hadi 3.3. Sasa hao wawili wapya pamoja na Log na Knight, eliksa 7 tu, ukiwacheza wote wanne huirudisha X-Bow mkononi. Zilizobaki: Musketeer, Fireball. Jaribuni mechi za kirafiki, vikombe (alama za daraja lako) havipungui. Na si ndani ya feri Likoni, jamani.